Namna ya Kunena na Mnunuzi

(Hotuba iliyosomwa mjini Bariadi na mtumishi mstaafu wa idara ya masoko, katika maadhimisho ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu)



Nimepewa heshima kubwa ya kusema maneno machache katika siku hii ya furaha. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za majengo, za hesabu, na za shida tulizozipita katika miaka hii kumi, nami sitayarudia hayo. Mimi nimeombwa niseme juu ya kazi niliyokuwa nikiifanya, yaani kuwaendea wanunuzi na kuwaeleza habari za mazao yetu, ili wayanunue kwetu wala si kwingine. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya ulimi tu, na kwamba anayeiweza ni mtu mwenye maneno mengi. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba kila mwanachama aliyeketi hapa, hata yule ambaye hajapata kuingia katika ofisi ya mnunuzi, ana fungu lake katika kazi hiyo.

Wazee walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni ya kweli, lakini yataka kufahamiwa vema. Kizuri chajiuza mahali kinapoonekana. Nyanya zilizopangwa sokoni zaonekana. Mnunuzi huzitazama, huzibonyeza kwa kidole, kisha hutoa fedha zake. Lakini pamba iliyomo ghalani Itilima, au choroko zilizomo maguniani Maswa, hazionekani na mtu aliyeketi Dar es Salaam, sembuse aliyeketi ng'ambo ya bahari. Mtu huyo haoni mali. Humwona aliyetumwa, husikia maneno yake, na kwa maneno hayo hukisia mali ilivyo. Kwa hiyo aliyetumwa akisema vibaya, choroko njema huonekana mbaya. Na akisema uongo, siku ya pili hata choroko njema hazitaaminiwa.

Jambo la kusema na watu hata wakakubali si geni katika nchi yetu ya Usukuma. Wakati wa ukoloni mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi binafsi, naye mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, tena ndiye aliyeandika uzito. Malalamiko juu ya mizani yalijaa kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bwana Paul Bomani na wenzake walizunguka Jimbo la Ziwa wakisema na wakulima, na Maswa, ambayo zamani zile ilikuwa na nchi hii ya Bariadi ndani yake, ilikuwa katika jimbo hilo. Mwaka 1955 vyama vikuu viliungana vikawa Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 pamba ya jimbo ilikuwa ikipita katika mikono ya vyama vya wakulima wenyewe. Bwana Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Natumaini mwaona kilichowavuta watu. Mkulima hakujiunga kwa sababu alifafanuliwa maana ya neno "ushirika" katika vitabu. Alijiunga kwa sababu aliambiwa habari ya mizani, jambo lililokuwa likimnyima usingizi hata kabla msemaji hajafika kijijini kwake. Msemaji aliyeijua shida ya msikilizaji wake alikuwa amekwisha kufika nusu ya safari kabla hajafumbua kinywa. Kanuni hiyo haikubadilika. Iliwafaa wazee wetu waliponena na wakulima, nayo yatufaa sisi tunenapo na wanunuzi.

Sasa, kwa ruhusa yako Bwana Mwenyekiti, nitaungama kosa langu mwenyewe, maana mwenye kufundisha yafaa aonyeshe kovu lake.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilitumwa Dar es Salaam kwa mnunuzi mmoja wa nafaka na mikunde, ambaye sina haja ya kumtaja. Nilivaa suti, nikabeba makabrasha. Alinikaribisha vizuri, nami nikasema kwa muda wa nusu saa. Nilimweleza Chama kilivyoanzishwa, nikamhesabia vyama vya msingi kimoja kimoja, nikamsifia ardhi ya Simiyu na bidii ya watu wake. Alinisikiliza kwa adabu, ila nilimwona mara mbili akiitazama saa iliyokuwa ukutani. Nilipokwisha aliniuliza mambo matatu tu: "Choroko zako zina unyevu kiasi gani? Ziko tani ngapi ghalani leo hii? Gari la kwanza laweza kuondoka siku gani?"

Nikamjibu kwamba ni kavu, kwamba ni nyingi, na kwamba zitaondoka upesi.

Yule bwana alifunga daftari lake. Akaniagizia chai, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali, akanisindikiza hata mlangoni. Alinunua kwingine. Choroko zetu zilibaki ghalani majuma mengi, na bei ikashuka. Siku moja mama mmoja, mwanachama wetu, alinijia ofisini akakaa kwenye benchi bila kusema neno mpaka watu wengine wakaondoka. Kisha akaniuliza, "Baba, choroko zangu umeziuza?" Watoto wake walikuwa wanangojea ada. Nilikosa la kumjibu. Nimeyasahau mengi niliyoyasema kule Dar es Salaam, lakini swali la mama yule sijalisahau.

Msimu uliofuata nilianza kazi yangu ghalani, si ofisini. Nilichukua bambo, nikaenda na makarani wa maghala, tukatoboa magunia juu, katikati na chini, tukatazama kila kilichotoka. Tulipima unyevu kwa chombo chake, tukaandika. Tulihesabu magunia yaliyomo kweli, si yale yaliyotazamiwa kuja. Tuliuliza magari na bei ya uchukuzi. Katika ghala moja tulikuta magunia kadhaa yamenyeshewa, kwa sababu bati lilikuwa limetoboka. Wenzangu wengine, kwa nia ya kukisaidia Chama, walisema, "Yachanganye na mazuri, hayatatambulikana." Nilikaribia kukubali. Lakini nikakumbuka kwamba mnunuzi naye anayo bambo.

Nilikwenda tena Dar es Salaam kwa bwana yule yule, safari hii na vifuko viwili vidogo na karatasi moja. Niliweka kifuko cha kwanza mezani nikasema, "Bwana, hizi ndizo choroko zetu. Unyevu wake na idadi ya magunia, ghala kwa ghala, vimeandikwa katika karatasi hii." Kisha, kabla hajauliza, niliweka kifuko cha pili. Nikasema, "Na hizi zimenyeshewa. Tumezitenga. Sizo ninazokuuzia, lakini nimetaka uzijue, usije ukazisikia kwa mtu mwingine."

Alikaa kimya kitambo akizichezea zile zilizonyeshewa kwa kidole. Kisha akasema, "Karibu miaka ishirini nanunua mazao. Wanaonionyesha ubaya wa mali yao wenyewe hawazidi vidole vya mkono huu." Siku ile alinunua zile njema zote. Zile nyingine tulizianika juu ya maturubai, tukazipepeta na kuzichagua, tukaziuza papa hapa kwa bei ndogo, nasi tuliwaambia waziwazi wanachama wa ghala lile sababu yake. Mwaka wa pili bwana yule ndiye aliyenipigia simu mimi.

Katika mambo hayo mawili, la kushindwa na la kushinda, nimepata mafunzo ambayo nitayaeleza kwa ufupi, ila lile la mwisho, ambalo nitalikalia kidogo.

Fundisho la kwanza ni kujua hofu ya unayemwendea. Kila mnunuzi ana jambo moja linalomtisha. Mwenye kiwanda cha kusokota nyuzi huogopa uzi wa plastiki unaochomoka katika mifuko ya sandarusi na kuingia katika pamba. Uzi huo haushiki rangi. Hauonekani pamba ikiwa nyeupe; huonekana nguo ikiisha kutiwa rangi, wakati ambapo hasara imekwisha kuwa kubwa. Basi mtu aendaye kwa mwenye kiwanda akamsifia weupe wa pamba yetu, asitaje jambo hilo, amemwacha na hofu yake. Lakini akisema, "Wanachama wetu huchuma na kufungasha kwa vitambaa vya pamba au magunia yasiyo ya plastiki, na njoo uone," huyo amesema neno. Naye lazima liwe kweli kabla halijasemwa.

Mwenye kupeleka mikunde ng'ambo ana hofu nyingine. Mwaka 2017 Serikali ya India, nchi inunuayo sana mikunde ya Afrika Mashariki, iliweka kikomo cha mbaazi na choroko zitakazoingizwa nchini humo. Bei ya mbaazi katika Tanzania ilianguka vibaya mno, na waliokuwa wamejaza maghala walibaki wakitazamana. Mnunuzi aliyeponea chupuchupu mwaka ule hatafurahi ukimwambia tu kwamba unazo tani nyingi. Atafurahi ukimwambia kwamba waweza kumpelekea kwa mafungu, fungu moja likiisha ndipo lije la pili, ili fedha zake zisifungiwe zote kwa pamoja.

Fundisho la pili ni kusema machache yenye hesabu. Neno "nyingi" si hesabu, wala "upesi" si tarehe. Mtu mwenye shughuli hukupa dakika chache. Zikiisha, husikia sauti yako lakini hasikii maneno. Mnaijua desturi ya ngoma zetu. Bagalu na Bagika wakishindana, hakuna haja ya hakimu mwenye filimbi; watu wenyewe huonyesha kwa miguu yao, wakiliacha duara moja na kulikimbilia jingine. Ningi mwenye maarifa hutazama nyuso za watu, na aonapo wimbo umewachosha, huubadilisha mara moja. Basi na sisi tuutazame uso wa mnunuzi. Akiitazama saa, tuache historia ya Chama, tutoe kifuko cha choroko.

Jambo hili lilionekana pia pale Nyakabindi, maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika katika mkoa wetu miaka ya 2018, 2019 na 2020. Palikuwa na mabanda yaliyopambwa kwa picha na maandishi makubwa, na watu walipita mbele yake kama wapitavyo mbele ya ukuta. Palikuwa na mabanda mengine yenye meza moja, sinia la mazao na mkulima aliyejua kujibu, na hapo watu walisongamana. Mgeni hakuja kusoma ukuta. Alikuja kushika, kuonja na kuuliza.

Fundisho la tatu ni kujibu swali lililoulizwa. Ukiwa hujui, sema, "Sijui, lakini nitakuletea jibu kesho asubuhi," kisha ulilete kesho asubuhi. Kutojua si aibu. Aibu ni kubabaisha mbele ya mtu anayejua.

La nne, mwisho wa maneno, omba. Wengi wetu tumelelewa kwa adabu ya kutoomba kitu waziwazi, nayo ni adabu njema nyumbani kwa mkwe. Katika biashara humwacha mnunuzi hajui ulilokuja kutafuta. Sema, "Bwana, naomba ununue fungu la kwanza kwa bei hii, gari liondoke tarehe hii." Kisha nyamaza. Nasema nyamaza, maana nimewaona wauzaji waliokwisha kukubaliwa, wakaendelea kusema mpaka mnunuzi akabadili shauri.

Sasa naja katika lile la mwisho, ambalo ndilo kubwa kupita yote, nalo lawahusu zaidi wakulima kuliko sisi watumishi. Maneno yasemwayo mbele ya mnunuzi hutungwa shambani na ghalani. Msemaji huyabeba tu.

Tazameni ndugu zetu wa Meatu. Tangu mwaka 1994 wamekuwako wakulima kule walimao pamba bila mbolea wala dawa za viwandani, katika mpango wa bioRe ulioanzishwa na kampuni ya Remei ya Uswisi. Pamba hiyo hulipwa nyongeza juu ya bei ya kawaida. Jiulizeni, mtu aliyeko Uswisi, ambaye pengine hatalikanyaga shamba la Meatu maisha yake yote, alisadikishwa na nini hata akalipa zaidi? Hakusadikishwa na sauti tamu. Alisadikishwa na daftari. Kila mkulima ameandikishwa, shamba lake lajulikana, wakaguzi hulitembelea, na pamba yake haichanganywi na nyingine. Kila anayekataa kunyunyiza dawa iliyokatazwa, hata pale wadudu wanapomjaribu, amesema neno moja katika hotuba inayosikika Ulaya.

Kinyume chake twakijua pia. Wako, hata katika jamaa zetu, waliomwagia pamba maji usiku ili iwe nzito asubuhi, au waliotia mchanga katikati ya furushi. Mtu huyo hudhani amemwibia tajiri. Pamba yenye maji huvunda na nyuzi zake hugeuka rangi. Mchanga na mawe huharibu mashine za kuchambulia, na jiwe likigonga chuma laweza kutoa cheche na kuwasha moto kiwandani. Mnunuzi huandika hasara hiyo, na mwaka ujao huikata katika bei ya kila mmoja wetu, pamoja na bei ya mjane aliyechambua pamba yake punje kwa punje, akatenga pamba safi na pamba fifi kama alivyofundishwa. Aliyetia mchanga hakumwibia tajiri. Alimwibia jirani yake.

Kadhalika ile desturi ya kuuza pembeni. Mtumishi wenu ameahidi magunia mia tano kwa tarehe fulani, kwa sababu nanyi mliahidi. Usiku mlanguzi apita na pikipiki na fedha mkononi, nanyi mwampa. Siku ya gari kufika, ghala lina magunia mia mbili. Sikatai kwamba fedha ya usiku ule ilikuwa na haja yake. Mgonjwa hangoji gari. Lakini msemaji wenu hatarudi tena kwa mnunuzi yule, na akirudi, hataaminiwa. Kwa hiyo nawasihi viongozi wa vyama vya msingi: mwanachama akipatwa na shida, ijulikane mapema, tutafute njia ya kumsaidia kabla ya mlanguzi kumkuta. Na nawasihi viongozi wa Chama Kikuu: malipo yasichelewe. Hatuna haki ya kumlaumu mwanachama aliyekimbilia fedha ya mkononi, ikiwa sisi tumemfanya aingojee yake miezi.

Yamkini mtu atasema, "Bei ya pamba hutangazwa msimu unapofunguliwa, basi kuna faida gani kujifunza kunena?" Namjibu hivi. Bei yaweza kutangazwa, lakini hakuna tangazo liwezalo kumlazimisha mnunuzi kuja kwetu kwanza, wala kulipa siku ile ile, wala kurudi mwaka ujao. Hayo hupatikana kwa kuaminiwa. Tena hatuna pamba peke yake. Tunazo choroko, dengu, alizeti na mpunga, na kila zao lina wanunuzi wake wa kusadikishwa.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha kustaafu, na vijana wamechukua kazi yangu. Wao wana simu zinazopeleka picha ya ghala kwa mnunuzi kwa dakika moja, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo tulipoanza. Nawapongeza. Lakini picha nayo yaweza kusema uongo. Naomba kila mmoja wao, kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam au kupiga simu ya mbali, aingie ghalani na bambo mkononi, apate kusema alichokiona kwa macho yake.

Na nanyi wakulima wenzangu, mnapofunga gunia mwaka huu, kumbukeni kwamba kuna mtu atakayesimama mbele ya mgeni na kusema, "Hili limetoka kwetu." Mfungieni jambo ambalo hataona haya kulisema.

Yule mama aliyeniuliza habari za choroko zake yu hai, na bado ni mwanachama. Msimu uliopita nilikutana naye sokoni Bariadi, nami nikamwuliza mimi, "Mama, choroko zako zimeuzwa?" Akacheka, akasema, "Zimeuzwa, baba. Tena wamelipa."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nakitakia Chama miaka kumi mingine yenye heri, na mvua za kutosha.